Mguu wa Dada Mwajuma na Saumu Yangu

Walimu wenzangu, mmeniuliza vya kutosha. Kila nikiingia chumba cha walimu mnashusha vikombe, mnanipa pole ya mgonjwa, kisha mnasubiri nisimulie. Nami nimekuwa nikijibu "tunamshukuru Mungu" na kujificha nyuma ya madaftari. Najua zipo habari zilizonitangulia, na baadhi yenu mmeanza kuniheshimu kwa sababu ya habari hizo. Basi nawaandikia, kwa kuwa kwa mdomo nimejaribu mara mbili na mara zote mbili nilidanganya.

Morogoro mjini mpaka Mkuyuni

Simu ilinikuta darasani, katikati ya Ramadhani. Mnajua ninavyofundisha: nilikuwa nimechora ubaoni mtu anakimbia, miguu mirefu na kichwa kama embe, wanachuo wananicheka. Mada ilikuwa uchovu wa mazoezini. Nilikuwa nawaambia, kwa sauti ile yangu ya kujiamini, kwamba uchovu si mmoja. Kuna wa pumzi, unaompata aliyeanza kwa pupa. Huo ukisimama dakika chache unaondoka. Kuna wa kuishiwa akiba, pale sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini inapokwisha. Huo hata ukilala chini hauondoki mpaka ule. Kuna wa maji na joto, unaoufanya moyo uende mbio mtu akiwa amesimama tu. Na kuna wa kichwa, ambapo misuli bado inaweza lakini ubongo umekata tamaa. "Huu wa mwisho," niliwaambia, "ndio pekee unaoshindwa kwa moyo mgumu. Mwalimu mzuri wa michezo ni yule anayeutofautisha mmoja na mwingine." Nikapigia mstari.

Aliyepiga ni Kibwana, shemeji yangu, mume wa dada Mwajuma. Dada alikuwa anateremka kutoka shambani na mkungu wa ndizi kichwani, tope likamtelezesha, akaviringika mpaka kwenye mawe. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti na mfupa umetokeza nje.

Asiyemjua dada Mwajuma ajue hivi. Mama yetu alifariki nikiwa sijaanza shule, na dada ndiye aliyenibeba mgongoni, naye mwenyewe binti mdogo tu. Kwetu Waluguru ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo mashamba yale ya mlimani ni yake. Na ni mashamba yaliyosimama wima, ambayo mtu hupanda kwa mikono na magoti kabla hajafika kulima. Bila miguu miwili, mashamba yale ni picha tu ya kutazama ukiwa uani.

Nilipanda basi saa ile ile, likaenda vizuri mpaka kupita Kiroka, tukakuta lori la mchanga limekwama kwenye tope, limeziba njia nzima. Tulishuka wote. Wanaume wakasukuma, mimi nikiwa mbele yao, koti nimevua, natoa maelekezo ya namna ya kukaza mapaja. Mama mmoja aliyekuwa na kikapu cha nazi alinitazama kwa muda, akasema, "Baba, umefunga wewe? Kama umefunga, waachie wengine. Midomo imekupauka."

"Nimezoea, mama," nilimjibu.

"Haya. Mazoea hayana maji ndani yake."

Nilicheka. Lori lilitoka baada ya saa nzima na ushei.

Mkuyuni nilishuka mbele ya duka ambalo nimekuwa nikilikwepa kwa miaka miwili. Ramadhani ya mwaka juzi nilisimama pale pale nikiwa na homa ya malaria, nikanywa soda ili nimeze dawa. Mtu wa kijijini kwetu aliniona. Dawa hakuiona, au aliiona akaona haifai kusimuliwa. Soda ile ilipanda mlima kabla yangu, na tangu siku hiyo nimekuwa "mwalimu wa mjini, yule wa soda." Wananisalimia kwa heshima na nikipita wanacheka. Mnanijua mimi: kuchekwa siwezi.

Mkuyuni mpaka Matombo, kwa pikipiki

Nilipata pikipiki na dereva mmoja kijana mwenye adabu nyingi. Nilimwambia ninakwenda kumchukua dada yangu mlimani, nimlete hospitali, twende haraka. Akavua kofia ngumu, akainamisha kichwa, akaivaa tena. Kisha akaanza kuendesha kama anayesindikiza bibi harusi.

Kila kilima alipunguza mwendo. Kila kwenye dimbwi alisimama, akalipima kwa macho, akalizunguka. Nilivumilia mpaka tulipopitwa na baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa.

"Ndugu yangu, vipi? Nimekwambia nina haraka!"

"Naelewa, mwalimu. Lakini mambo haya yanataka utulivu. Marehemu hana haraka."

"Marehemu gani?"

Akasimama kabisa. Kumbe aliposikia dada, mlima na hospitali kwa pamoja, alikwishaona chumba cha maiti. Na kwa kuwa sikulia, aliniona mtu mwenye subira ya ajabu, akanihurumia. Alipojua dada yuko hai aliomba radhi mpaka akanichosha, kisha akaendesha kwa kasi ambayo nusura ifanye lile neno "marehemu" liwe kweli, juu yangu mimi. Tulifika Matombo alasiri imeshaingia. Kutoka hapo kwenda juu hakuna gari wala pikipiki, maana mvua ilikuwa imeondoka na kalavati na kipande kizima cha barabara.

Matombo mpaka nyumbani, kwa miguu

Njia ile nilikuwa naipanda nikiwa mtoto bila kuifikiria. Siku hiyo nilianza kwa mwendo wa kuwaonyesha watu, na kabla sijafika kwenye mikarafuu mapaja yaliwaka moto na pumzi ikakata. Uchovu wa pumzi, nikajiambia, unapita. Nikasimama, ukapita kweli. Nilifurahi jinsi somo lilivyotii. Kinamama watatu walionitangulia na ndoo zao vichwani walikuwa wanapiga soga bila hata kuhema, na kila nilipowakaribia walinisubiri kwa huruma.

Nilifika wakati wa kufuturu. Dada alikuwa amelazwa kwenye mkeka, mguu umefungwa kwa vijiti na vitambaa, kazi ya muuguzi wa zahanati. Alinitazama akasema, "Shomari, umekonda," kana kwamba mgonjwa ni mimi. Nililia pale pale, mbele ya watu.

Muuguzi aliniita pembeni. "Kuvunjika peke yake si tatizo kubwa, mwalimu. Ninachokiogopa ni damu kushindwa kupita. Sasa hivi vidole vina joto. Vikianza kupoa, hapo saa zinahesabika. Kesho alfajiri aondoke, adhuhuri isimkute njiani. Leo haiwezekani, mto umejaa na machela haivuki gizani."

Mpango ukapangwa. Gari lingesubiri chini barabarani tangu saa nne asubuhi. Wabebaji wa machela tungekuwa wanane: wanne wanabeba, wanne wanapumzika, kila penye kona kubwa tunapokezana. Ndivyo wagonjwa wote wa kwetu wanavyoshushwa tangu zamani. Tulipata wanane kwa taabu, maana vijana wengi wako mjini, na wa nane nilikuwa mimi.

Mwalimu wa madrasa alikuja kabla watu hawajatawanyika. Akasema maneno mepesi kabisa: "Wanaobeba kesho wasifunge. Kuna safari na kuna roho ya mtu. Mtalipa baada ya Idd. Mungu hakututakia mazito." Wote wakaitikia. Shemeji Kibwana akanigeukia, akanitania ili kupunguza huzuni: "Mwalimu yeye hana shida, mtu wa mjini huyo. Fatwa yake aliipata mapema Mkuyuni."

Walicheka. Hata dada alicheka kidogo, akashika mguu wake kwa maumivu. Mimi sikucheka. Pale ndipo nilipotia nia ya kufunga, na haikuwa nia ya Mungu. Wakati wa daku yaliletwa magimbi na mchuzi. Nilikunywa chai ya rangi nusu kikombe, nikasema sina njaa.

Nyumbani mpaka mtoni

Tuliondoka kunapambazuka. Machela ilikuwa ya mianzi miwili na blanketi, dada amefungwa kwa kanga asiteleze. Mimi nilishika mwanzi wa mbele kushoto. Kibwana alikuwa kando ya miguu, na kila tuliposimama aliingiza mkono chini ya kanga akashika vidole.

"Bado vya moto," alisema kituo cha kwanza. Cha pili pia.

Kona ya kwanza wenzangu watatu walipokezwa, mimi nikakataa. Nikasema niko sawa. Kona ya pili nikakataa tena. Waliona ni uchungu wa dada, wakaniachia. Nani angemwondoa mtu kwenye machela ya dada yake? Kibwana alinisogelea akaninong'oneza, "Shemeji, pokezana na mwenzio, ndiyo kazi ilivyo." Nikamjibu kwamba kazi ya misuli naijua kuliko yeye. Akarudi kando ya miguu. Kwetu mume huja kuishi kwa mkewe, na kwenye mambo ya mke neno ni la kaka. Alikuwa mgeni kwenye machela ya mkewe mwenyewe, na mimi nililijua hilo nikalitumia.

Kufika mtoni jua lilikuwa limepanda na unyevu wa mvua unafuka kutoka ardhini. Wenzangu walitoa ndizi za kuchemsha na chupa za maji. Kwa adabu ya Ramadhani walijitenga nyuma ya jiwe kubwa, wakala wakiwa wamenipa mgongo. Mmoja alirudi na ndizi mbili kwenye jani.

"Mwalimu, karibu."

"Nimefunga."

Alishangaa kweli. "Umefunga? Na hii kazi?"

"Kila mtu na imani yake," nikasema, kwa sauti ya kutosha kuwafikia walio nyuma ya jiwe. Nadhani ndizi ziliwakwama kooni. Mnataka kujua nilivyojisikia? Nilijisikia vizuri. Dada yangu yuko juu ya blanketi, mfupa nje, na mimi nilijisikia vizuri.

Mteremko wa mwisho

Kutoka mtoni ni mteremko, na mteremko ndio unaokula misuli kuliko mpando, kwa kuwa paja linakaza huku linavutwa. Hilo nalifundisha kila mwaka. Magoti yalianza kutetemeka. Kisha jasho likakauka, nikahisi baridi kwenye jua kali. Moyo ulikuwa unapiga hata tulipokuwa tumesimama.

Hapa ndipo ninapotaka mnisome taratibu. Zile dalili nilizitambua. Sikuwa mjinga. Niliona moja baada ya nyingine zinakuja kama nilivyoziandika ubaoni siku moja kabla: akiba imekwisha, maji yamekwisha. Dawa yake ni ndizi moja, maji na kumpisha mwenzangu, si zaidi. Lakini nilijiambia kwamba huu ni uchovu wa kichwa, ule wa kukata tamaa, ule unaoshindwa kwa moyo mgumu. Niliuchagulia jina kwa sababu ndilo lililonipendeza. Tena nikaongeza mwendo.

"Vidole vinapoa kidogo," Kibwana alisema. "Twendeni, lakini shemeji pumzika. Nakuomba."

"Nimesema niko sawa!"

Jambo la mwisho ninalolikumbuka ni kwamba nilikuwa namfokea. Yaliyofuata nimesimuliwa. Nilianguka bila kutoa sauti, mwanzi ukiwa bado begani. Machela ikalala upande. Dada aliteleza mpaka kwenye kingo za njia na mguu ule ule ukagonga jiwe. Wanasema alipiga ukelele mmoja tu, kisha akauliza, "Shomari yuko wapi?"

Walitaka kuondoka naye. Wangebaki saba, angeachwa mmoja kunitazama mimi, na sita wangetosha, maana barabara ilikuwa karibu na chini kule waliona paa la gari likimeta. Dada alikataa kuinuliwa. Alishika mti. Aliwaambia, "Mdogo wangu simwachi njiani. Mwamsheni kwanza." Kibwana alimbembeleza, akamkaripia, akalia. Dada aliushika ule mti tu.

Basi wakaanza kuniamsha. Waliponipaka maji usoni nilifumbua macho. Waliponitia ndizi mdomoni niliitema. Nasimuliwa kwamba niliitema mara tatu, nikawapiga kwa viwiko, nikasema kwa ulimi mzito, "Nimefunga, msinifungulishe." Mtu aliyeishiwa sukari huwa hivyo, mkali na asiyejua alipo, nalo huwa nalifundisha. Wakaogopa. Wakasema kama amekataa kwa jina la saumu, sisi ni nani wa kumlazimisha? Wakabishana juu ya kichwa changu, watu wazima wale, huku miguu ya dada iko juani. Mmoja ilibidi apande mpaka kwa mwalimu wa madrasa kuuliza, maana simu pale hazikamati mtandao. Alipanda, akauliza, akarudi na jibu: mlisheni, hata kwa kumshika. Wakanishika, wakanimiminia maji ya miwa.

Adhuhuri ilikuwa imepita zamani nilipoweza kukaa. Kibwana alikuwa ameushika mguu wa mkewe kwa mikono miwili, anausugua. Hakusema tena kama una joto au hauna.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huo msemo nimeukuta una kasoro. Asiyesikia nilikuwa mimi.

Matombo mpaka hospitali

Safari hiyo ya gari sina la kuisimulia. Dereva alikwenda kwa mwendo wa kawaida, barabara ilikuwa kama mlivyoisikia. Nilikaa mbele nikiwa nimekunywa maji chupa tatu na kula mkate mzima, nguvu zimerudi. Hilo ndilo la uchungu katika uchovu wa aina ile: hauachi alama. Ndani ya saa mbili nilikuwa mzima kama nilivyozaliwa, na nyuma yangu dada alikuwa ameacha kulalamika.

Daktari aliutazama mguu, akabonyeza vidole, akasubiri, akabonyeza tena. Aliuliza, "Mlikwama wapi? Huku chini damu haijafika kwa muda mrefu."

Nilifungua mdomo. Dada akawahi. "Mto, daktari," alisema. "Mto ulijaa."

Daktari akaandika. Kibwana alitazama sakafu. Mimi nikafunga mdomo wangu, na safari hiyo sikuwa na saumu ya kunisaidia.

Waliukata chini kidogo ya goti.

Idd, nyumbani tena

Dada alirudishwa mlimani siku mbili kabla ya Idd, kwa machela ile ile na wabebaji wale wale. Mimi nilibeba mfuko wa dawa. Hakuna aliyeniambia nishike mwanzi, na sikuomba. Ndizi zilipotolewa mtoni nilikula, mchana kweupe, nikiwa nimewaelekea. Nilitamani mmoja wao anicheke. Walinipisha mahali pazuri pa kukaa.

Asubuhi ya Idd, baada ya swala, wanaume walikuja kumjulia hali. Dada alikaa barazani, amejifunika kanga mpya kuanzia kiunoni, nayo ilikuwa imelala bapa upande mmoja. Kutoka pale anaona shamba lake lote, kuanzia migomba ya chini mpaka kule juu kwenye iliki. Watu walimpa pole, wakakaa, chai ikaja.

Kisha yule aliyenikaribisha ndizi siku ile akaanza kunisifu. Alisema mbele ya wote kwamba maishani mwake hajaona saumu kama ya mwalimu Shomari. Kwamba watu walikwishapewa ruhusa, mwalimu akakataa. Kwamba alizimia, akashikwa na wanaume wanne, na bado akaitema ndizi. "Sisi tulimdhania vibaya," alisema. "Mnisamehe, mwalimu. Wewe ni mtu wa dini kutuzidi sote." Wazee walisema mashallah. Mmoja alisema atalisimulia hilo msikitini ili watoto wajifunze.

Kibwana aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba.

Dada alinigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo ninaloliona kila nikifumba macho. Alikuwa ananisubiri tu. Ilikuwa zamu yangu ya kusema.

"Ni Mungu tu, wazee wangu," nikasema.

Dada akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilokwisha kulijua. Akamwambia aliyekuwa karibu na sinia, "Mpeni mdogo wangu, ale."

Wakanipa. Nikala.